Yosefu Bado Yuko Ardhini

Lewiston, Maine
12 Septemba

Mwanangu Jocelyne,

Habari za siku nyingi? Natumaini wewe na mumeo Wade ni wazima. Mimi sijambo, ila goti linalalamika kila nikipanda ngazi, na masikio ndiyo hayo unayoyajua. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasikia nusu, nusu nyingine najitungia mwenyewe, halafu tunagombana bure.

Basi, nimekubali. Nyumba inauzwa. Tammy, yule dalali uliyenitafutia, amekuja na kibao chake akakichomeka mbele ya baraza. Kisha akapita chumba kwa chumba akiondoa picha ukutani. Anasema mnunuzi hapendi kutazamwa na watu asiowajua. Hata ya mama yako iliyokuwa juu ya friji ameitia kwenye boksi. Tangu Rolande afariki nimekuwa nikiisalimia kila asubuhi, na sasa nasalimia friji.

Nami nimefanya la kwangu. Nimemchukua Mtakatifu Yosefu wa mama yako, ile sanamu ndogo ya dirisha la jikoni, nikamzika karibu na uzio, kichwa chini miguu juu, uso ukielekea nyumba, kama bibi yako alivyotufundisha. Hatoki mpaka atuuzie nyumba. Ikishauzika, anafukuliwa, anaoshwa, anapewa mahali pa heshima katika nyumba mpya. Tammy aliniona na koleo wala hakushangaa. Mama yake pia alimzika wake.

Kutafuta nyumba mpya ya kukaa sote ni kazi yako. Iwe na chumba cha kulala chini na choo karibu.

Baba yako,
Armand


Nashua, New Hampshire
3 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi tuna afya, ila tumechoka. Kila Jumamosi tunatoka asubuhi kwenda kutazama nyumba za watu, na jioni tunarudi hatusemeshani.

Ya kwanza, kwenye picha jiko lilikuwa kama ukumbi. Tulipofika, friji lilikuwa limesimama kwenye korido kwa kukosa nafasi. Ya pili walikuwa wamewasha mishumaa ya mdalasini kila pembe. Wade akanusa, akainua zulia, tukakuta ukungu mweusi umetambaa hadi ukutani. Ya tatu, Baba, hiyo niliipenda. Ina chumba cha chini, dirisha linatazama mti wa matofaa. Nikaanza kukuona umekaa pale na gazeti lako. Tulitoa ofa nzuri, tukanyimwa. Imechukuliwa na mtu ambaye hata hakuingia ndani kuitazama. Nililia kwenye gari, na Wade akajifanya anatafuta ramani.

Sasa la kwako. Tammy amenipigia. Anasema wanunuzi wakija hutoki. Baba, kila mwenye nyumba hutoka. Nenda ukanywe kahawa, nenda parokiani, zunguka hata na gari. Watu wanataka kufungua makabati na kuteta kuhusu rangi ya kuta bila mwenyewe kuwasimamia.

Binti yako,
Jocelyne


Lewiston
20 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mna afya, na pole kwa hiyo nyumba ya matofaa. Huyo aliyeinunua bila kuiona, Mungu ampe paa linalovuja.

Ni kweli sitoki. Wageni wanakuja nyumbani kwangu, mimi nikimbie kama mwenye deni? Mama yako angenishangaa. Wiki iliyopita nilioka pai ya nyama ya nguruwe, kama tunavyofanya Krismasi. Wakaja bwana mmoja na mkewe, nikawakaribisha, wakakataa kukaa. Bwana akauliza kama maji huingia chumba cha chini ya ardhi. Nikamwambia yanaingia, theluji inapoyeyuka, yanafika kwenye kifundo cha mguu. Nikamwonyesha pampu, nikaiwasha aisikie. Nikamwonyesha na ngazi inayolia. Tammy alikuwa nyuma yao ananifanyia ishara kwa macho, nami nikadhani ana kitu jichoni.

Hawakurudi. Waliofuata hawakurudi pia. Pai nimeila mwenyewe siku kadhaa.

Yosefu bado yuko ardhini. Labda na yeye amekasirika.

Baba yako,
Armand


Nashua
15 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine, kali, nikaitupa. Ilisema hutaki kuuza, unawatisha watu kwa makusudi ili ubaki peke yako na ngazi zako mpaka uanguke. Bado nadhani nusu yake ni kweli. Lakini ngoja nikuambie yaliyotokea Jumapili.

Tulikwenda kutazama nyumba ndogo ya kijani, mvua inanyesha, bila matumaini yoyote. Tukafungua mlango, tukamkuta bibi mmoja mjane, Bi Kowalczyk, amekaa jikoni anamenya viazi. Dalali wake alikuwa amesimama pembeni anaona aibu. Bibi hakutoka. Akatuambia dirisha la bafuni halifungi vizuri, akatuambia jirani wa kushoto ana mbwa mpiga kelele lakini roho yake nzuri. Akanionyesha chumba cha chini alichomuuguzia mumewe. Akasema, "Jua linaingia hapa asubuhi. Mzee wangu alilipenda."

Baba, ndani yake nilikuona wewe. Miezi yote hiyo tumedanganywa na mishumaa, na huyu ndiye wa kwanza niliyemwamini. Viazi vilipoiva tulikula naye. Wengine walikuwa na ofa kubwa kuliko yetu, lakini ametuuzia sisi.

Kwa hiyo tuna nyumba, na chumba chako kipo. Nisamehe nilivyokusema. Kaa nyumbani, wakaribishe, waambie habari za maji. Tammy nitamtuliza mimi. Ila uwe unataka kweli kuja.

Binti yako,
Jocelyne


Lewiston
18 Desemba

Mwanangu Jocelyne,

Marahaba, na hongera kwa nyumba yenu. Baridi huku inauma hadi kwenye meno, lakini nipo.

Imeuzwa. Wamekuja Hodan na mumewe Liban, wale Wasomali wenye duka la vitambaa kule Lisbon Street. Nilikuwa nimeshakata pai ndipo nikakumbuka ni Waislamu, nikaificha ndani ya oveni. Hodan akasikia harufu, akaniuliza naficha nini. Nikamweleza, akacheka mpaka akashika meza. Tukanywa chai na biskuti. Nikawaambia habari za maji. Liban akasema nyumba wanayopanga sasa maji yanatokea juu, kwa hiyo ya chini atayaweza. Hodan akaenda kusimama jikoni kwenye dirisha la mama yako, akasema ndiyo hii.

Tunapaswa kufurahi. Tatizo ni Yosefu. Nilingoja nyumba iuzike ndipo nimtoe, nikasahau kwamba ardhi ya hapa haimngoji mtu. Umri wote huu nimeishi Maine na nimemwacha mpaka udongo umeganda. Nimepiga koleo, mpini umevunjika. Nimemwaga birika zima la maji moto, sasa juu yake pana barafu. Hatoki mpaka masika.

Siwezi kuondoka nikamwacha kichwa chini. Nimemwomba Tammy awaulize kama wanaweza kungoja hadi Aprili.

Baba yako,
Armand


Nashua
4 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Wade amepaka rangi chumba chako. Kitanda kimefika.

Watu hawawezi kungoja hadi Aprili. Wana watoto na wameshatoa notisi kwa mwenye nyumba wao. Nitakuuliza jambo moja, nawe unijibu kama baba na binti. Anayekushika huko ni Yosefu, au ni Mama?

Jocelyne


Lewiston
17 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Ni mama yako.

Kila nikifunga boksi naona kama namfukuza. Nikishaondoka, nani atajua kwamba alisimama kwenye dirisha lile? Hilo ndilo linaloniogopesha, si ngazi wala mbwa wa jirani yenu.

Jana Hodan alikuja kupima mapazia. Nikamweleza habari za Yosefu, nikidhani ataniona mzee aliyechanganyikiwa. Akaniomba nimwonyeshe mahali. Tukatoka kwenye theluji, nikamwonyesha, akachomeka kijiti. Akasema, "Mzee, nenda kwa mwanao. Mimi nitamtoa mwenyewe udongo ukilegea. Kitu cha mkeo hakiwezi kunipotelea." Kisha akaniuliza mama yako alikuwa anapanda maua gani hapo, na mimi nikasimama kwenye baridi nikimtajia.

Njooni mnichukue mwisho wa mwezi. Nakuja kukaa kwenu mpaka Aprili. Masika nitaenda mwenyewe kumchukua Yosefu, kisha tutaona.

Baba yako,
Armand


Nashua, mezani jikoni
9 Machi

Baba,

Nakuachia kikaratasi kwa sababu umelala na mimi nawahi kazini. Supu iko kwenye friji.

Maboksi yako bado yamefungwa kwa utepe. Jana nilikusikia ukimwambia jirani wa kushoto kwamba unakaa kwa watu. Siyo lawama. Iliniuma tu, ndiyo maana nimesema.

Jocelyne


Nashua, mezani jikoni
22 Aprili

Mwanangu,

Umeshindaje kazini? Mimi leo sijambo kabisa.

Hodan amekuja mchana. Alikuwa anakwenda kwa dada yake Manchester, hii ya hapa New Hampshire, akaamua kusogea hadi huku. Amemleta. Anasema theluji ilipoyeyuka maji yaliingia chini vilevile nilivyowaambia, pampu ikaunguruma, na Liban akasema mzee yule hadanganyi. Udongo ulipolegea akachimba penye kijiti. Amemsugua Yosefu kwa mswaki na kumfunga kwenye taulo safi. Ameniambia pia ametia mbegu palepale, yale maua niliyomtajia.

Nilikuwa nimepanga kwenda mwenyewe. Ningesimama tena jikoni, ningepata kisingizio cha kwenda na mara nyingine. Sasa sina tena la kufuata kule. Alipoondoka nililia kidogo, usiniulize jioni mbele ya Wade. Kisha nikachukua kisu nikakata utepe wa maboksi.

Yosefu yuko dirishani, kichwa juu, anamtazama mbwa wa jirani. Mama yako yuko juu ya friji. Ukiona amekaa upande usimguse, nimempima kwa jicho langu. Zimebaki picha za ukutani, na nimetafuta kila droo nimechoka.

Nyundo tunaiweka wapi humu ndani?

Baba yako,
wa chumba cha chini