Salamu Zilizofutwa

Keshero, Goma
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Janvier,

Amani iwe nawe huko Winnipeg, na kwa mkeo Ernestine na watoto. Je, baridi imekwisha kuingia? Mwaka jana ulituambia mlango wa gari uliganda hadi ukachelewa kazini, na tangu siku hiyo Dancille hawezi kuona mvua ya mawe bila kukutaja. Kifua chako kimetulia? Sisi tunapumua. Mguu wangu wa kushoto unanisumbua ninapopita juu ya mawe ya volkano hapa uani, lakini bado natembea bila fimbo.

Mji umekaa kimya wiki hizi, kimya ambacho hatukiamini. Benki zimefungwa, ndege hazitui. Ni miaka kumi na saba sasa tangu nitoke Rutshuru kwa siku mbili, kama nilivyomwambia jirani niliyemwachia ufunguo.

Nakuandikia kwa ajili ya Uwamariya, binti wa dada yako Dancille. Tarehe sita Desemba anatakiwa kuitetea kazi yake ya kumaliza chuo, na kazi hiyo imekwama. Vita vimekwisha kumlia miaka miwili ya masomo. Mama yake amesema wa tatu hautakuwapo: kazi isipokubaliwa, binti atahamia kwenye meza ya vitenge kule Birere, na upande wa meza umekwisha kuachwa wazi kwa ajili yake. Simlaumu Dancille. Amelisha nyumba hii peke yake. Ila ulimi wake unaujua. "Papa," aliniambia, "mashine inamukatalia huyu mutoto tangu Agosti. Mimi mutu akinikatalia mara tatu, naenda kwa mwengine."

Kazi yenyewe ni hii. Anaandika kiini cha mfumo wa kompyuta, ambacho chuoni wanakiita noyau: ile programu inayoamka kabla ya nyingine zote na kuamua nani apewe nafasi, nani asubiri, nani aitike kitufe kikibonyezwa. Chake ni kidogo, mistari mia tisa, anakiandika ili aelewe. Mwalimu wake, Bwana Josias, ndiye aliyempa wazo hilo. Februari mwalimu akakimbilia Kampala, na simu yake haiitiki tena.

Basi Uwamariya akataka kuuliza kwenye mtandao, katika ukumbi wa Kifaransa ambako waandishi wa programu husaidiana. Akaniomba nimsaidie kutunga barua, kwa kuwa Kifaransa changu ni cha shule ya zamani. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilimtungia kama nilivyofundishwa na baba yangu. Tulianza kwa kuwauliza wale wasomaji tusiowajua kama wameamka salama, wao na wazazi wao. Tukawaeleza sisi ni nani na tumetoka wapi. Tukaomba radhi kwa usumbufu, tukasifu elimu yao. Shida tuliiweka mwishoni, mistari miwili tu, tukaiita jambo dogo linalotutatiza. Programu yenyewe hatukuipeleka. Nilimwambia mgeni hatui mzigo wake kabla hajakaribishwa ndani, watakapotukaribisha tutaonyesha.

Saa moja baadaye mtu mmoja alikuwa amefuta salamu zote. Wale pale wana ruhusa ya kurekebisha barua za wengine, na salamu kwao ni takataka ya kufagiwa. Ikabaki ile mistari miwili. Akaja mwingine, akaona mistari miwili haielezi kitu, akalifunga swali. Aliandika neno moja tu: swali liko wapi?

Uwamariya hakunilaumu. Alisema, "Sogokuru, pengine wana haki," akaifunga kompyuta, akaitia ndani ya mfuko ule ule wa maharagwe alimoificha tulipokimbia Januari. Ilikaa humo siku tisa. Nimeona watu wakifunga mizigo mara nyingi, Janvier, na namna alivyoufunga ule mfuko sikuipenda.

Siku ya kumi nilimwomba anieleze mimi, kama mtu asiyejua lolote, na kwa kweli sijui. Ndani ya mashine kuna saa inayobisha hodi mara nyingi kila sekunde. Kila anayebisha huja na namba yake, na kiini kina jedwali linaloonyesha namba ipi iitikiwe na nani. Saa ikizuiwa, kila kitu kinakwenda sawa. Ikiruhusiwa tu, skrini inaandika 8 na mashine inasimama. Katika kitabu cha mashine, nane maana yake ni kosa lililotokea wakati kosa jingine bado linashughulikiwa. Kwa hiyo alikuwa akilitafuta kosa la kwanza, wiki tatu nzima, na halipo.

Nilimuuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza wanafunzi wangu wa hesabu: unajuaje kwamba aliyebisha kwa namba nane ni kosa, na si saa yenyewe? Kisha akaenda kuufungua mfuko.

Hilo ndilo swali, na jibu sina. Wewe unaandika programu za mashine za kiwandani, huenda ukaliona kwa dakika chache, au ukamjua wa kuliona. Kwenye karatasi ya pili Uwamariya ameandika alichofanya, alichotegemea na kilichotokea, na jedwali lote liko chini yake. Dancille atazipiga picha kurasa hizi na kukutumia kwa simu yake. Amekubali, ingawa amenikumbusha kwamba tarehe sita haisogei.

Ukijibu, anza na jibu. Habari za nyumbani kwako ziweke mwishoni, tutazisoma kwa utulivu zaidi.

Dancille anakusalimu, na mzee Sibomana, jirani yetu, anauliza kama bado unakumbuka kupanda mtumbwi. Ernestine mwambie picha ya watoto tumeitundika karibu na dirisha. Mungu aliyewavusha kutoka kambi ya Nakivale awashike mkono hata kwenye barafu hiyo.

Mimi baba yako mkubwa akupendaye siku zote,
Ntirenganya Grégoire

Nyongeza: Chini ya karatasi yake Uwamariya alikuwa ameandika, "Tonton, natumaini mnaendelea vizuri," kisha akaikata kwa kalamu. Nimemwambia airudishe. Utaiona imeandikwa mara ya pili.