Mama, Walisema Uko Mgombani

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama salamu hufika huko uliko, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Wiki mbili baada ya kukuzika, watu walianza kuikwepa nyumba yetu. Mama Rehema, jirani uliyempelekea mboga kila Ijumaa, alirudisha kinu chako, akakiacha mlangoni bila kupiga hodi. Nikamfuata kumuuliza.

"Zainabu mwanangu," akasema, "mama yako anaonekana. Baba yako mdogo kamwona alfajiri akienda msikitini, pale kwenye migomba yenu. Kavaa kijani, matumbo yananing'inia."

Mama, nisamehe. Wa kwanza niliyemshuku ni wewe.

Nilikumbuka kazi yako ya kupika katika kambi ya wafanyakazi wa gesi, na yule fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Thailand, Somchai, uliyemwita Somo kwa kuwa jina lake lilikushinda. Alikusimulia mizuka ya kwao, nawe ukatuletea barazani, mimi na mdogo wangu Amina, tukikuna nazi. Nikajiuliza: je, kuna kitu kilikufuata pamoja na zile hadithi? Nikamkataza Amina kukata hata jani la mgomba. Nilikuwa nakuogopa. Mama yangu mwenyewe, nilikuogopa.

Mpaka siku moja nikiwa nafua, nikakukumbuka ukitukaripia: "Msiwachanganye! Nang Tani ni bibi wa mgombani, mtu mzima na miguu yake, nguo yake kijani, huwapa wapita njia chakula. Krasue ndiye kichwa kitupu na matumbo. Huyo hana hata bega la kutundika nguo."

Nikaacha kufua. Mzuka wa baba mdogo ulikuwa mizuka miwili kwa pamoja! Na hapa Palma nani mwingine angejua habari za matumbo yale? Mimi, Amina, na baba mdogo Selemani, huyo mdogo wake marehemu baba, tuliyempokea alipokimbia vita Mocímboa. Kila ulipokuwa ukisimulia, yeye alikuwa mkekani, kajifunika uso kama aliyelala.

Tangu hapo nikawa namchunguza. Kila tukila, neno lake lilikuwa moja: sisi wasichana twende Pundanhar kwa bibi, yeye abaki kulinda nyumba.

Siku ya arobaini yako, dua imekwisha na watu wanakula, nikamuuliza mbele ya mwalimu wa madrasa:

"Baba mdogo, huyo uliyemwona ana miguu?"

"Hana. Kichwa na matumbo tu."

"Sasa hiyo nguo ya kijani kaivalia wapi?"

Mama Rehema ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Mimi sikucheka. Nilidhani nitafurahi, Mama, lakini nilimwona akilirudisha tonge lake kwenye sinia.

Wageni walipoondoka akanifuata jikoni. "Nyumba yangu iliungua, Zainabu. Mkiolewa mtaleta waume zenu, na mimi nitaambiwa nitoke. Nikaona niwahi."

Huenda ni kweli. Huenda ni hadithi nyingine aliyoitunga akiwa kajifunika uso. Mtu aliyemgeuza shemeji yake mzuka kabla udongo wa kaburi haujakauka, nimwamini vipi?

Sikumfukuza. Nimempa chumba cha uani, nikamwambia mbele ya mwalimu kwamba atakaa humo mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka. Amani akaipata. Lakini karatasi ya nyumba nimeishonea ndani ya mto ninaoulalia, na Amina peke yake ndiye anayejua. Baba mdogo akisifu mchuzi wangu, najiuliza anataka nini.

Pumzika, Mama. Nakuahidi Amina atamaliza shule hapa hapa, ndani ya nyumba hii. Na kama kweli waliokufa hurudi, nawe ukapewa ruhusa, usijifiche. Pita mlango wa mbele. Sitakimbia tena.

Kwaheri, mama yangu.

Mwanao,
Zainabu