Meneja Amekataa Mtindi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini, zikukute mzima, unacheka, na hujaninenepea. Sisi huku tunapumua. Magoti ya Mama yanamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa: asubuhi hii amenitukana mara tatu kabla ya chai. Mimi usiulize, uzuri umezidi, na mwandiko huu uwe ushahidi kwamba wanaosema nilikimbia shule mapema wana wivu tu.

Sasa habari za mwanao. Siku hizi tunamwita Meneja, na jina nimempa mimi. Ukimwekea sahani anaitazama kama mtu anayetafuta wa kumfukuza kazi, kisha anaisukuma kwa kidole kimoja. Anachokubali duniani ni kile kile ulichomwacha nacho: mtindi mweupe, kwenye kikombe cha bluu, usio na tunda wala chembe ya chochote. Unakumbuka alivyozaliwa kabla ya siku zake, akakaa wiki saba na mpira wa kulishia kooni. Basi mdomo wake ulijifunza kwamba kila kinachoingia kinakuja kuumiza.

Maneno hayo ya mwisho si yangu, ni ya Mama Vijiko, mtaalamu wa kulisha watoto tuliyepangiwa pale hospitali kila Jumanne. Siku ya kwanza nilimcheka kimoyomoyo: mtu mzima kakaa chini kwenye mkeka, anajipaka puani karoti iliyopondwa. Nikamuuliza kama siku hizi chakula kinaingilia puani. Akaniambia nikae chini nami nipakwe, halafu akatueleza kwamba kwa mtoto huyu njia ya kufika mdomoni ni ndefu: kwanza akione, akivumilie mezani, akiguse, akinuse, ndipo siku moja akilambe. Sheria zake mbili: hakuna kumlazimisha na hakuna kumdanganya. Hasa kwenye mtindi, alisema, tusifiche kitu chochote humo, maana ndicho chakula pekee anachokiamini. Mama akaitikia. Mimi nikaitikia kwa sauti kuliko Mama.

Na mambo yalikuwa yanakwenda, dada! Wiki ya nne akagusa karoti. Ya sita akanipaka nayo puani, pua nzuri hii, chumba kizima kikacheka. Ya tisa akatoa ulimi haraka kama mjusi, akalamba. Mama akalia, akasingizia vumbi. Mimi nikatangaza mtaa mzima kwamba mwalimu ni mimi, mpaka kinyozi wa jirani akaniambia nimuache anyoe watu, nikafungue hospitali yangu.

Lakini mizani haina habari na ulimi. Jumanne ile ile uzito ulikuwa umeshuka gramu mia mbili. Muuguzi akamuuliza Mama, mbele za watu, kama kweli huyu mtoto nyumbani anapewa chakula. Mama akambeba mtoto, tukaondoka. Njia nzima ya kurudi hakunitukana hata mara moja, ndipo nikajua ameumia.

Kesho yake Meneja akakataa mtindi. Tukabadilisha kikombe, akakataa. Akafunga mdomo kama duka lililofilisika. Tukadhani meno. Siku ya tatu midomo ilikuwa imekauka na mkojo haupo, tukamkimbiza hospitali, wakamlaza na kumtia mpira puani ili maziwa yapite humo. Mimi ndiye niliyeambiwa nimshike kichwa, kwa kuwa amenizoea. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, na mimi nikawa namwimbia wimbo wa kijinga mpaka maneno yakaniishia.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu alazwe. Madaktari wanahisi koo lina tatizo jipya, wanataka kumpa dawa ya usingizi wamwingizie kamera, na hiyo ndiyo karatasi utakayoletewa uweke sahihi. Mama anajilaumu kwamba labda alimpa mtindi ulioharibika. Mama Vijiko ametuuliza mara mbili kama kuna kilichobadilika nyumbani. Mama akasema hakuna. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Na kila siku Mama Vijiko anamletea mtindi, akiamini ndio mlango wa kuanzia upya, na kila siku mtoto akiuona tu anatapika.

Dada, koo halina kitu. Ni mimi.

Jioni ile ya mizani, Mama alipokwenda kuoga, nilichemsha yai, nikaponda kiini kwa uma mpaka kikawa unga, nikakikoroga ndani ya mtindi. Kijiko kimoja tu. Nikajisifu kwamba wataalamu wanahangaika bure, mimi namaliza kazi siku moja. Akapokea kijiko cha kwanza bila wasiwasi, kwa sababu mkono ulikuwa wangu. Akakitema, akakitazama kiganjani, akasema ni dawa. Nikamwambia si dawa, ni mtindi wako ule ule. Halafu nikamshika kidevu nikasukuma cha pili. Sheria zote mbili, dakika moja. Mama alipotoka bafuni nilikuwa nimeshaosha uma.

Nimejaribu kumwambia Mama. Nilifungua mdomo, nikaishia kuuliza chumvi iko wapi. Kwa hiyo nimekuandikia wewe kwanza, na barua hii nampa mwenzako anayerudi huko leo, ili nisipate pa kurudi nyuma. Usiweke sahihi kwanza. Kesho nitamsubiri Mama Vijiko mlangoni kabla hajaingia na kile kikombe, nimwambie. Najua nikisema, kamera itaachwa. Lakini mtindi hautarudi kuwa mtindi kwa sababu nimesema, na hilo sijui nimuombe nani.

Usidhani Meneja ananichukia, heri angenichukia. Bado akiniona ananyoosha mikono nimbebe. Ila kabla sijamwinua, anafungua viganja vyangu, kimoja baada ya kingine, ahakikishe sijashika kitu.

Mama anakusalimu sana, hajui nimeandika nini. Kula vizuri huko, nisamehe ukiweza, na ukishindwa nitakuelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Profesa