Petroli ya Taa mu Mashini ya Yaya Donat

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Garaji kama kila siku. Jua kali, mawingu yanajivuna bure, mvua hakuna. Patron, mukubwa wa garaji, alinigombeza juu ya breki za gari ya bibi yake. Mikono nyeusi mpaka ku viwiko, na sabuni ya siku hizi haina nguvu.

Mangaribi yaya Donat, ndugu yangu mukubwa, alileta kamio yake hapa nyumbani, mu cité ya bantu beusi. Lori ile kuukuu ya kubeba makala ya kupikia. Inafuka moshi, inakohoa, inachoka ku kila kilima. Nilifungua kifuniko cha mafuta, nikatia kidole. Mama wee! Si mafuta tena. Tope jeusi, zito, kama bukari, ugali wetu, iliyoungua chini ya chungu. Nikamuuliza alibadilisha mafuta lini. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kamio hii ndiyo itapeleka mama yetu mugonjwa kwao, kijiji cha Lukafu. Hatuna ingine.

Jumanne, 5 Oktoba

Ku hospitali. Mama amekuwa mwepesi, nilimugeuza ku kitanda kwa mukono moja. Sista alisema wazi: mumurudishe kwake, sisi hapa tumemaliza dawa. Mama alisikia yote. Hakulia. Alitaka kitu kimoja tu: kuingia Lukafu akiwa anapumua.

Najua juu ya nini. Kwetu muntu aliyefia njiani haingizwi mu muji. Maiti yake inabaki pembeni, mu majani, banaizika siku ile ile. Hakuna kulala mu nyumba yake, hakuna kulilia ku kitanda chake. Anakwenda kama mugeni. Padri anaita hiyo upagani. Padri hana mama wa kupeleka Lukafu.

Naogopa. Sijaogopa hivi tangu baba alipokufa.

Jumatano, 6 Oktoba

Patron alinipa ruhusa, kwa mudomo mubaya. Karatasi ya safari pia tumepata.

Leo nimesafisha mashini, injini ya kamio. Yaya hakutaka. Anasema tope lile limelala humo miaka na gari inatembea, basi usiamshe aliyelala, utalala wewe. Nikamwambia methali haipandishi kamio ku kilima. Ikibaki vile, itakufa hata Kinsevere hatujafika.

Mafuta ya zamani yalitoka kwa uvivu. Nikachanganya mafuta mepesi na petroli ya taa, yote iliyokuwa mu nyumba. Bibi yangu wa ndoa, Véronique, alisimama ku mulango, mikono kiunoni. «Na sisi tutakula mu giza?» Ndiyo, tulikula mu giza. Nikamimina, nikawasha mashini, polepole, bila kukanyaga pedali ya gazi. Petroli haitelezi kama mafuta. Ukikanyaga, vyuma vinakulana. Nikazima, nikafungua chini. Ee Mungu, uchafu ule! Bonge kwa bonge, na harufu ya kutapisha. Nikarudia. Mara ya pili bado bonge.

Lakini mashini ilinguruma safi. Moshi ulipungua. Yaya alinipiga ku bega, akaniita dokta. Nilifurahi sana, siwezi kuficha.

Alhamisi, 7 Oktoba

Furaha imekwisha. Uchafu nilioulegeza haukutoka wote. Uko chini, mu karteri, ile sahani ya chuma inayoshika mafuta. Na humo ndimo chujio ya pompi ya mafuta inanyonya. Dawa iko moja: kushusha karteri, kuosha chujio kwa mukono. Lakini jointi yake, ile inayoziba mafuta yasivuje, itapasuka, imekauka kama biskuti. Nimezunguka maduka yote. Kamio ni ya zamani mno, hakuna jointi. Naweza kukata moja mu karto nene ya maboksi, niilowanishe mafuta, niifunge polepole. Kazi ya siku mbili.

Saa sita habari kutoka hospitali. Mama amekataa hata maji.

Yaya anasema tuondoke kesho alfajiri. Nikasema pompi ikinyonya tope, mashini itakufa porini. Akasema mama hangoji karto yako. Tukapigiana makelele mpaka majirani balitoka inje. Ubaya ni huu: anasema kweli. Na mimi nasema kweli.

Mwishowe nilikubali mimi. Nimetia mafuta mapya. Karteri sikuigusa. Nalala na hasira, sijui ya nani.

Ijumaa, 8 Oktoba

Naandika ku goti, pembeni ya barabara. Mashini imekufa.

Tuliondoka vizuri, mimi ku usukani. Mama nyuma, ku godoro, chini ya turubai, Véronique anamushika kichwa. Kinsevere tulipita bila shida. Vilima tulipanda. Yaya alianza hata kuimba. Mimi macho yangu ku mushale wa nguvu ya mafuta tu. Alasiri ukaanza kushuka. Nikasimama, nikangoja, tope litulie. Ukapanda kidogo. Tukaenda. Ukashuka tena, mpaka sifuri. Halafu vyuma vikaanza kugonga, ko, ko, ko. Najua sauti ile. Ni bielle, mukono wa pistoni. Sikuzima. Niliendesha vile vile, kila ko ilikuwa kidogo mbele kwa mama. Halafu kishindo, na kimya.

Yaya hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Lukafu si mbali tena, lakini ku miguu ni nusu ya siku, na mama hasimami. Kuna nyumba chache hapa. Bantu bazuri, balitupa maji na muhogo. Mama anapumua. Anauliza kama tumefika.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mu kijiji kile kulikuwa kipoyi, kiti cha miti miwili. Zamani balibebea bazungu, sasa kilining'inia chini ya paa, kuku balitagia. Muzee moja alikishusha, akakipangusa, akaita banaume. Bega lake lina kovu la kazi ile mpaka leo. Tulimuweka mama na blanketi. Alifungua macho, akaangalia banaume bane chini yake. «Leo miye njo muzungu!» Alicheka, kweli alicheka. Sisi wote pia.

Babebaji banaimba, hatua zao zipatane. Muzee anaanza, bale banaitika. Jua lilipanda. Nilitembea pembeni, mukono wangu ku mukono wa mama. Pale ku mutoni balipumzika. Nikamupa maji. Maji yalirudi inje ku shavu.

Véronique aliweka sikio ku kifua chake. Akalitoa. Wimbo ulikuwa umekatika. Tulikuwa hatujaona hata mulima wa kwetu.

Muzee alimuangalia yaya. Ile desturi anaijua, ni yao pia. Akauliza kwa sauti ndogo: «Tuimbe?»

Yaya alilia kwanza. Halafu akasema: «Muimbe.»

Baliimba. Baliimba mpaka Lukafu, kwa nguvu kuliko asubuhi. Véronique alimufunika mama kitambaa ku macho, kama mugonjwa anayeogopa jua. Mu muji bantu balitoka, batoto balikimbia mbele. Tukapita kati yao. Mimi nikasema kwa sauti, mama, tumefika, tumefika, kama mwenda wazimu. Tukamuingiza mu nyumba yake, tukamulaza ku kitanda chake, tukafunga mulango. Tukangoja kidogo. Kisha yaya akatoka inje, akawaambia ameondoka sasa hivi.

Kilio kikaanza.

Jumapili, 10 Oktoba

Tumemuzika karibu na baba. Watu wengi. Sina machozi. Kichwa kinagonga ko, ko, ko.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza, asubuhi, kidogo tu.

Mama mudogo, ule anayemufuata mama kwa kuzaliwa, alileta bukari na mboga nyuma ya nyumba nilipokaa. Ni yeye aliyeosha maiti ya mama juzi, yeye peke yake. Alifukuza banawake bengine inje, balishangaa. Nilijua juu ya nini. Siku ile mikono ya mama ilikuwa imekwisha kukauka, haikunjiki, si ya muntu aliyekufa sasa hivi.

Sikuweza kumuangalia. Aliketi karibu yangu, akaninawisha mikono kama mutoto.

«Njia ilikuwa murefu,» alisema. «Kula.»

Nikala.