Turubai la Landrova na Kiti cha Mbele

Jumapili, 7 Julai 1974
Mvua ya mawe tangu adhuhuri. Vilima vya Manga vyote vyeupe, chai imechanika majani. Turubai la Landrova limepasuka juu ya benchi la nyuma — mpasuko wa urefu wa mkono. Watu wa nyumbani walitaka kulikunja, nimekataza. Turubai likikunjwa bichi huota ukungu, na ukungu huanza kula uzi. Hilo nalijua kuliko daktari anavyokijua kifua changu.

Jumatatu, 8 Julai
Limekauka, likiwa limetandazwa juu ya gari lenyewe. Baridi kali. Nimekohoa damu kidogo. Nyamoita mke wangu ameiona leso, anasema lazima niende hospitali Kisii. Nani ataendesha? Mimi siwezi tena kushika usukani. Mwanangu Walter yuko Nakuru. Anayelijua gari ni mkewe, Mokeira, anayepeleka ndizi zetu soko la Keumbu.

Lakini baba mkwe na mke wa mwanawe hawakai kiti kimoja. Ni chinsoni, mila yetu ya wakwe kuoneana haya. Hata mkono hatupeani.

Niungame hapa, mahali nisipojibiwa: miaka thelathini darasani niliwaambia watoto wa watu kwamba mila hizi ni minyororo. Kumbe kiti cha mbele cha gari langu mwenyewe nakiogopa kuliko kaburi. Kaburi silihofii hata kidogo.

Nimepata njia. Nitakaa nyuma. Nimetundika pazia la turubai kuukuu kati yangu na viti vya mbele, nikapitisha kamba kwenye matundu, nikaifunga mafundo.

Jumatano, 10 Julai
Tumeshona! Mokeira juu ya gari, mimi ndani, chini ya mpasuko. Anaingiza sindano ya gunia, naivuta, namrudishia. Uzi tumeupaka nta ya nyuki usinywe maji. Nyamoita alikaa mlangoni akipokea maneno na kupeleka: kutoka juu, mwambie Tata, yaani baba, asivute sana; kutoka kwangu, mwambie huyo nilishona turubai hili kabla hajazaliwa. Mwisho akasema yeye si redio, akaenda kupika uji.

Tukabaki na sindano. Ikaingia, ikarudi. Halafu kutoka juu:

"Tata, vuta."

Nikavuta. Tangu aolewe, mara ya kwanza tumesemezana bila mtu katikati.

Mshono mzuri. Nimeagiza umwagiwe ndoo ya maji. Hata tone halikupenya.

Ijumaa, 12 Julai
Usiku damu nyingi. Tumeondoka asubuhi, Nyamoita amebaki na wajukuu.

Naandika garini. Mvua inapiga kama kokoto na turubai halivuji. Kuhusu turubai sikukosea. Kuhusu baridi, nimekosea. Upepo unapenya chini, kwenye ubao wa nyuma, meno yanagongana. Mbele kuna joto la injini.

Mokeira amesimamisha gari mteremkoni. Amenisikia nikikohoa. Injini inanguruma, hasongi. Amesema kupitia pazia:

"Tata, njoo mbele. Ukifia huko nyuma, nimwambie Walter nilikuheshimu?"

Naandika ili nichelewe. Nadhani anajua — anangoja kama juzi, alipokuwa akisubiri sindano irudi.

Nimeshika fundo la juu la pazia. Nililikaza mno, vidole havina nguvu.

Kamba inavutwa kutoka upande wa pili.