Nilishinda Kesi ya Mtoto, Sasa Naona Aibu

Mpendwa mshauri Mama Generosa, shikamoo. Naomba msaada wako, na majina nimeyabadilisha kwa sababu hapa Zuzu tunajuana. Mimi ni dereva wa lori, niliachana na mke wangu Klara, binti yetu Erica wa miaka minane akabaki kwake, na sikuwa na neno mpaka Klara, ambaye ni muuguzi, alipopewa uhamisho wa Mtwara akataka kwenda naye, hapo nikapandwa na hasira nikakimbilia mahakamani, nikamwambia hakimu mtoto atatenganishwa na shule na ndugu zake, na kwamba mimi nimeacha safari ndefu ili nimlee, jambo ambalo halikuwa kweli, hakimu akaniamini, nikapewa mtoto, na wenzangu wakaninunulia vinywaji wakisema, "Leo umemkomesha!"

Mama, hicho ndicho nilichokitaka, kumkomesha. Erica analelewa na dada yangu Anyesi, mimi niko barabarani, na Klara akipiga simu nasema mtoto amelala, hata jua likiwa bado linawaka. Juzi nimerudi safari, Erica akaniletea maji ya kunawa, akauliza kwa adabu kabisa, "Baba, kifungo changu kinaisha lini?" Nikasema, kifungo gani? Akajibu, "Si mahakama ilinifunga nisikae na mama? Nimeacha utundu, muulize shangazi."

Nilikwenda kujifungia ndani ya lori nikalia. Nataka kumrudisha kwa mama yake, lakini hakimu nitamtazamaje, na wanaume wenzangu watasemaje?

Baba mwenye aibu, Zuzu

Marahaba, baba Erica. Pole, lakini umelia mafichoni na mtoto bado anajiona mfungwa. Hao waliokununulia vinywaji, yupi amewahi kumuuliza Erica kama amekula? Waache waseme, watachoka.

Mkalishe binti yako umwambie hakukosa chochote, aliyekosa ni baba. Useme wewe mwenyewe, usimtume Anyesi. Halafu usije ukampakia kwenye basi kimyakimya ukadhani umetengeneza; ile ni amri ya mahakama, na mahakama hiyohiyo inaweza kuibadilisha ikiona mtoto anaumia. Zungumza na Klara, muoneni afisa ustawi wa jamii, tafuta msaada wa kisheria, kisha mkaombe pamoja. Hakimu utamwambia kweli kwamba safari hukuacha. Atakukaripia, na una haki ya kukaripiwa! Lakini usijitoe kwenye maisha ya mtoto kwa sababu ya aibu. Omba akutembelee likizo, nawe umfuate Mtwara.

Hayo yatachukua muda wake. Simu haimsubiri hakimu. Leo Klara akipiga, mpe Erica azungumze, wewe utoke nje, na usirudi ndani mpaka mtoto mwenyewe akuite.