Badria na Kete Nyeusi

Mwaka umepinduka, Badria, tangu mvua zile kubwa za Novemba 1997 zije na homa iliyokuondoa mikononi mwetu. Cherehani yako ingali pale dirishani. Wateja walikuwa wamekuzoea, kitambaa mkono huu, farasi wa sataranji mkono huu. "Ngoja kidogo, mama, nimsumbue mfalme wa watu," ulizoea kusema, nao wakicheka, wakingoja. Watoto wa Majengo uliowashonea nguo za skuli bila malipo bado hupita wakikuulizia.

Kakako Akil ndiye aliyekufundisha sataranji. Alikwambia mwenye kete nyeusi huanza akiwa nyuma, na asipothubutu mapema atabaki kujitetea mpaka mwisho. Ukalishika neno hilo kuliko yeye mwenyewe. Wengine wakipewa nyeusi walinuna. Wewe ulikunja mikono ya buibui na kutabasamu.

Yanayofuata, Akil ametuomba tuyaandike.

Agosti ile kabla ya mvua, kwenye mashindano ya sataranji pale Buxton, mchezo wa mwisho ulikutana na Joab, na kete nyeusi zikawa zako. Ukishinda, kombe lako. Mkitoka sare, kombe la Akil, ambaye alikuwa amemaliza michezo yake akiongoza kwa pointi, na amesimama kando akitazama. Mfalme wa Joab alikuwa bado katikati, hajajificha. Askari wako mmoja tu, ukimtoa kafara, angekufungulia njia nzima. Joab mwenyewe alihisi mambo yanamwendea kombo, akanyoosha mkono: "Dada Badria, tutoke sare?"

Uliinua macho, ukamtazama kakako. Akil alikuwa ameiona njia ile kabla yako. Akainamisha kichwa: ikubali sare.

Ukampa Joab mkono.

Mlirudi Mji wa Kale kwa miguu, yeye amekumbatia kombe. Ukamuuliza, "Kaka, nilikosea wapi? Mimi naliona njia."

"Haikuwa salama. Nyeusi zataka subira."

"Wewe hukunifundisha hivyo."

Akaharakisha hatua. Nawe neno hilo hukulitaja tena. Kesho yake ulimpelekea mahamri kama kawaida yako, na kila ulipolipita lile kombe sebuleni, uliliondoa vumbi kwa upindo wa leso. Hilo ndilo lililomkata maini.

Hospitalini alikuja amejikaza, ameazimia kukwambia. Ukamtangulia: "Nikiinuka hapa namtaka Joab tena, na nyeusi vilevile." Macho yako yaling'aa kwa homa. Akil akasema, "Inshallah," akakuwekea shuka vizuri, akatoka. Alfajiri ulikuwa umekwenda.

Idi hii alilitwaa kombe, akaliweka mapajani mwa mama, akamweleza yote: kwamba hakuihofia hatari, alihofia kupitwa na mdogo wake mbele za watu. Alilia kama mtoto. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akalisogeza kombe pembeni.

"Maneno haya hayakuwa yangu, mwanangu," akamwambia. "Mwenyewe alikungoja miezi mitatu, humu humu nyumbani."

Tunaokukumbuka ni mama yako Bi Zuwena, kakako Akil, wifi yako Jana, mpwa wako Ayman, majirani wa Mji wa Kale, na Joab, aliyeomba jina lake liwemo. Mola akurehemu, Badria. Hujatutoka moyoni, wala hutatutoka.